Nani Kagusa Themostati? Stori Ndefu ya Kidude Kidogo Kinachogombanisha Familia za Ughaibuni

Kama una ndugu aliyehamia Marekani au Canada, utakuwa umeshaisikia kesi hii mkiwa mnapiga stori kwa video. Mtu anaongea vizuri kabisa, anakuonyesha theluji dirishani, mara anageuka na kupaza sauti kuelekea sebuleni: "Nani kagusa themostati?" Kimya. Hakuna anayekiri. Baba anasema bili ya gesi itamuua, mama anasema watoto wanatetemeka, na shemeji aliyekuja kutembea anajifanya amelala.

Huku kwetu kesi hiyo tunaisikia kama mchezo wa kuigiza, kwa sababu nyumba zetu nyingi hazina mtambo wa kupasha joto. Lakini kile kidude cha ukutani kina historia tamu kuliko kinavyoonekana, na ukiifuatilia unagundua kwamba ni historia ya watu wengi wasiojulikana majina: wahudumu wa majengo, akina mama walioamka alfajiri kuchochea makaa, na wapangaji waliokatazwa kugusa. Wenye majina wapo pia, tutawataja. Ila stori wanaibeba wale wengine.

Kwanza tuwekane sawa. Themostati haitoi joto wala baridi. Yenyewe ni kama konda wa daladala: haendeshi gari, lakini akigonga bodi gari linasimama, akigonga tena linaondoka. Dereva yuko kwingine. Kwa nyumba za Marekani dereva ni tanuri la gesi au la mafuta, mara nyingi liko chini ya nyumba, na wakati wa kiangazi ni kompresa ya AC iliyowekwa nje. Konda kazi yake ni kutazama hali ya hewa sebuleni na kugonga bodi.

Na usidhani hujawahi kuwa nayo. Pasi yako ya umeme ina themostati. Ule mlio wa "tik" unaousikia taa inapozima ukiwa katikati ya kunyoosha shati ndiyo yenyewe. Ndani kuna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Zikipata moto zote zinatanuka, ila moja inatanuka kuliko mwenzake, kwa hiyo utepe unapinda. Ukipinda vya kutosha unaachanisha umeme, pasi inapoa, utepe unanyooka, umeme unarudi. Hakuna akili ya kompyuta hapo, ni vyuma viwili visivyolingana kasi. Mwaka 1830 Mskotishi mmoja anayeitwa Andrew Ure alichukua hataza ya kifaa cha namna hiyo, na jina themostati tunalotumia hadi leo ni lake. Kabla yake, miaka mia mbili nyuma, Mholanzi Cornelis Drebbel alishatengeneza tanuri linalojirekebisha moto lenyewe kwa kutumia zebaki, na akalitumia kutotoleshea mayai. Yaani kuku walifaidi kabla ya binadamu.

Sasa twende Whitewater, mji mdogo jimboni Wisconsin, miaka ya mwanzo ya 1880. Kuna chuo cha ualimu, na kuna mwalimu anaitwa Warren Johnson. Baridi ya Wisconsin si ya kitoto. Jengo linapashwa moto na boila iliyo chini, na kila darasa lina joto lake. Ili kujua darasa gani limepoa na lipi limezidi, mhudumu wa jengo alilazimika kuzunguka mlango kwa mlango, kuingia darasani, kutazama kipimajoto, kisha kurudi chini kufungua au kufunga vali. Mwalimu yuko katikati ya somo, mlango unafunguka. Anaanza tena kujieleza, mlango unafunguka. Kila siku, kipindi baada ya kipindi.

Jina la yule mhudumu mimi sijalikuta kwenye simulizi zote nilizosoma. Lakini fikiria siku yake: ngazi juu, ngazi chini, makaa, vali, na walimu wanaomkunjia uso kila akiingia. Johnson alichoka kukatizwa, akabuni kifaa cha umeme kilichokaa darasani na kupiga kengele kule chini joto linapopungua au kuzidi. Mwaka 1883 akapata hataza yake. Angalia vizuri: kifaa hicho hakikuendesha boila. Kilimwambia mtu aiendeshe. Mhudumu aliendelea kuwepo, ila sasa badala ya kupanda ngazi alikuwa anaitwa kwa kengele. Johnson baadaye aliacha kufundisha, akaanzisha kampuni Milwaukee mwaka 1885, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Johnson Controls ya leo.

Mwaka huohuo wa 1885, huko Minneapolis, mhamiaji kutoka Uswisi anayeitwa Albert Butz alikuwa anapiga hatua ya pili. Nyumba za watu wa kipato cha kati zilipashwa joto kwa tanuri la makaa ya mawe. Moto wa makaa hauwashi na kuzima kwa swichi. Unaudhibiti kwa hewa: ukifungua kilango chini ya tanuri hewa inaingia, moto unapanda, ukikifunga, unafifia. Ndiyo maana kuna mtu ndani ya kila nyumba aliyekuwa wa kwanza kuamka gizani, kushuka kwenye tanuri na kufungua kile kilango, halafu akasubiri. Mara nyingi alikuwa mama, mtoto mkubwa, au mfanyakazi wa ndani. Nyumba ikiwa baridi, lawama zake. Ikizidi joto, lawama zake pia.

Butz alitengeneza mtambo uliofunga kile kilango kwa mnyororo. Chumba kikipoa, themostati inaunganisha umeme, kizuizi kinatoka kwenye meno ya mota, mota inazunguka nusu duara na kuvuta mnyororo, kilango kinafunguka, moto unapanda. Chumba kikipata joto lililotakiwa, mota inamalizia nusu duara nyingine, kilango kinajifunga. Basi. Mtu akatolewa kwenye mduara. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kujiendesha yenyewe, na kwa maoni yangu ni hatua kubwa kuliko simu janja zote tunazoringia. Butz mwenyewe hakufaidi sana: hataza na biashara zilikwenda mikononi mwa wengine mapema, na kampuni iliyotokana na kazi yake ilipita majina kadhaa hadi ikawa Honeywell, jina la mtu mwingine kabisa.

Mpaka hapa themostati inajua joto tu, haijui saa. Hailali wewe unapolala. Mwaka 1906 ile kampuni ya Minneapolis ikatoa themostati iliyofungwa pamoja na saa ya kujaza kwa ufunguo. Usiku saa inashusha kiwango cha joto, alfajiri inakipandisha kabla hujatoa mguu kwenye blanketi. Ndiyo babu wa kila themostati ya kupangia ratiba unayoiona leo. Hakuna chipu wala skrini, ila wazo lote limeshakamilika: kiwango kimoja cha joto kwa mtu aliye macho, kingine kwa mtu aliyelala.

Miaka ya katikati naipita haraka, isipokuwa 1953. Mwaka huo Honeywell walitoa themostati ya duara iliyoitwa Round, mchoro wa Henry Dreyfuss, mbunifu yuleyule aliyehusika na simu za mezani za Bell. Zile za mstatili zilikuwa na ugonjwa mmoja: fundi akizifunga upande kidogo, kila mgeni anaona. Duara haiwezi kukaa upande. Unazungusha pete, basi, hata mtoto anaelewa. Ndani yake kulikuwa na utepe wa metali mbili uliosokotwa kama konokono, na juu yake kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Utepe ukijikunja, kichupa kinalala upande mmoja, zebaki inakimbilia kwenye ncha za waya na kuunganisha umeme. Ziliuzwa kwa mamilioni, na miaka mingi baadaye baadhi ya majimbo yakapiga marufuku zenye zebaki kwa sababu ni sumu ikimwagika.

Halafu ikaja 1973. Nchi za Kiarabu zikasimamisha kuiuzia Marekani mafuta, na ghafla kile kidude cha ukutani kikawa jambo la ikulu. Novemba mwaka huo Rais Nixon aliwaomba wananchi washushe themostati angalau nyuzi 6 za Fahrenheit, ili wastani wa mchana nchi nzima uwe 68, yaani 20 za kwetu. Februari 2, 1977, wiki mbili tu baada ya kuapishwa, Jimmy Carter alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa sweta, amekaa karibu na moto, akawaomba watu waweke 65 mchana na 55 usiku. Kwa Selsiasi ni kama 18 na 13. Kumi na tatu! Watu wa Makambako na Limuru mnaijua hiyo hali, sisi wa pwani tungeshaandika wosia. Gesi asilia ilikuwa imepungua na majira ya baridi yalikuwa makali. Lakini picha iliyobaki vichwani ni ile sweta. Waliompenda waliona rais anayeishi kama wao, wasiompenda waliona rais anayewaambia wazoee shida. Julai 1979 ikaja amri kabisa, ila kwa majengo ya ofisi na biashara: wakati wa joto AC isishushe chini ya 78, wakati wa baridi hita isipandishe juu ya 65. Majumbani watu waliachwa na dhamiri zao.

Katika hali hiyo ndipo chipu ilipoingia. Miaka ya 1980 themostati za kidijitali zikaanza kujaa madukani, na utepe wa metali ukampisha kijikinzani kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika na joto. Kompyuta ndogo inasoma ukinzani, inajua nyuzi, inaangalia saa, inalinganisha na ratiba yako. Ratiba yenyewe kwa kawaida ina vituo vinne: kuamka, kutoka, kurudi, kulala. Wewe unaandika kila kituo saa ngapi na nyuzi ngapi, siku za kazi mbali, wikiendi mbali.

Ukutani, nyuma yake, kuna waya nyembamba za volti 24, si umeme mkubwa. Mmoja unaleta umeme, mmoja ukiunganishwa unaita tanuri, mwingine unaita kompresa, mwingine feni. Konda na bodi yake, kama tulivyosema. Na ina ustaarabu wake. Ukiiwekea 20, haiwashi ikifika 19.9 na kuzima ikifika 20.1, la sivyo tanuri lingewaka na kuzima kama taa ya disko. Inaacha nafasi kidogo chini na juu. Upande wa AC, ikizima kompresa huwa inasubiri dakika chache, mara nyingi kama tano, kabla ya kuiwasha tena, kwa sababu kompresa ikiwashwa wakati shinikizo la gesi ndani halijatulia inaumia.

Kuna ubishi wa miaka mingi hapa: si bora uiache nyumba na joto lake, kuliko kuiacha ipoe halafu uipashe upya? Jibu ni hapana. Nyumba hupoteza joto kulingana na tofauti ya ndani na nje. Ikipoa, inavuja polepole zaidi. Zile saa nane ulizokuwa kazini nyumba ikiwa baridi, ilivuja kidogo, na hicho ulichookoa ni kikubwa kuliko cha kuipasha tena. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kurudisha nyuma nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa nane kila siku kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama kwa mwaka.

Na kuna imani ya pili, hii inatuhusu hata sisi wa Dar na Mombasa. Mwaka 1986 mtafiti Willett Kempton aliandika kuhusu jinsi watu wa kawaida wanavyoielewa themostati. Alikuta wengi wanaichukulia kama bomba la maji: ukifungua zaidi, joto linakuja kwa nguvu zaidi. Alikadiria kati ya robo na nusu ya Wamarekani wanaamini hivyo. Themostati ya kawaida haifanyi hivyo. Tanuri linawaka au limezima, nguvu ni ileile, namba unayoweka inasema tu lisimamie wapi. Sasa jiulize, ukitoka juani ukaingia chumbani, rimoti ya AC unaiweka ngapi? Kumi na sita, sivyo? Kwa AC ya kawaida ile 16 haipoozi chumba haraka kuliko 24. Inachofanya ni kukataa kusimama, chumba kinapita 24, kinapita 22, wewe unajifunika blanketi, na uniti za LUKU zinateketea.

Turudi Marekani. Serikali iliamini sana themostati za ratiba. Kuanzia 1995 zilipewa nembo ya Energy Star, ile ya vifaa vinavyookoa nishati. Hesabu ilikuwa nzuri mezani. Tatizo, watu hawakuzipanga. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley waliomba watu wapige picha themostati zao za nyumbani na kuzituma. Kama asilimia 20 zilionyesha saa isiyo sahihi. Kama nusu ya waliojibu walikuwa wameibonyeza ibaki kwenye kiwango kimoja siku zote, ratiba imelala. Yaani kifaa chenye kompyuta ndani kinatumika kama kile cha babu, tena cha babu kilikuwa rahisi kuzungusha. Mwisho wa 2009 nembo ikaondolewa kwenye kundi hilo zima.

Wapo waliosema wananchi wavivu. Mimi nawatetea. Ukiona vitufe vile vidogo, maandishi ya kifupi, kijitabu cha maelekezo kimepotea, na ukikosea kidogo unaamka na baridi saa tisa usiku na mtoto analia, hata wewe ungebonyeza kiwango kimoja uende ukalale. Isitoshe maisha ya mtu hayana vituo vinne. Kuna anayefanya shifti ya usiku wiki hii na ya mchana wiki ijayo, na ndugu zetu wengi ughaibuni ndiyo maisha yao hayo.

Ndiyo pengo aliloliona Tony Fadell, mmoja wa waliotengeneza iPod pale Apple. Mwaka 2011 yeye na wenzake wakatoa Nest, themostati isiyokuomba uipange. Unaizungusha kama ile Round ya 1953, na duara lile si bahati mbaya, yenyewe inakariri mazoea yako siku chache, inahisi kama kuna mtu ndani, na unaiona kwenye simu. Januari 2014 Google ikatangaza kuinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3.2. Kidude cha ukutani!

Sasa hapa ndipo stori inapobadilika sura. Kidude kikiwa kwenye intaneti, swali la "nani kagusa" linapata majibu mapya, na mengine si ya kuchekesha. Mwaka 2018 gazeti la New York Times liliandika kuhusu wanawake waliokuwa wakiteswa na wenzi wao kupitia vifaa vya nyumbani. Mmoja alisema aliwasha AC, ikazima yenyewe bila kuiguza. Wengine walikuta joto limepandishwa kupita kiasi. Mwanaume keshaondoka nyumbani, lakini ndiye aliyefunga kifaa, nywila anayo yeye, na anachezesha ukuta akiwa mbali. Ukimweleza mtu, anakuona umechanganyikiwa. Ushauri ukawa wa kila mmoja kujua nywila za vifaa vyote vya ndani, na kama umehamia nyumba yenye themostati ya mtu aliyepita, ifute kabisa uanze upya.

Na Juni 2021, Texas ikiwa inaungua kwa jua na gridi ya umeme imeelemewa, baadhi ya wenye nyumba walishtuka kuona ndani kunachemka. Themostati zilikuwa zimepandishwa, na si wao. Kumbe walijiunga na mpango unaoruhusu kampuni kupandisha nyuzi umeme unapopungua, na zawadi yao ilikuwa kuingizwa kwenye bahati nasibu. Maandishi yalikuwepo, wengi hawakuyasoma. Kiukweli mpango wenyewe una maana: ni bora nyumba elfu zipate joto kidogo kuliko mji mzima kukatikiwa. Lakini familia iliyolala mchana na kichanga, ikaamka imelowa jasho, haikuulizwa siku ile. Mahali fulani mtu asiyejulikana jina alikuwa anarekebisha joto la chumba chao, kama yule mhudumu wa Whitewater, tofauti ni kwamba wa Whitewater ulimwona akiingia mlangoni.

Haya, kwa wenye AC au mnaoishi kwenye baridi za watu: kwenu namba ni ngapi, na rimoti anashika nani?